Alama ya Mama Dahabo Ukutani Kwako

Garissa mjini,
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana ni ndefu na mahali pengine itakukata hamu ya kula. Mguu wa mama umepungua uvimbe? Bado anaufunga kwa kile kitambaa chake, au mmefanikiwa kumpeleka zahanati? Na huyo mtoto wako wa mwisho, meno yameshatoka au bado anawakesha? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, nakula na nalala. Roho ndiyo iliyochafuka.

Utashangaa mtu wa kompyuta kukuandikia kwa karatasi. Lakini simu yako, dada, ni ya nyumba nzima. Nikituma neno asubuhi, watoto wamelisoma kabla ya chai, na shemeji Omari amelisikia kabla hajavaa viatu. Na jambo lenyewe linamhusu mdogo wake, Idrisa, uliyembembeleza wewe mwenyewe aniajiri. Nataka ulisikie kwangu, kama yeye hajaniwahi kukufikia. Barua hii nampa utingo wa basi la Lamu, ameapa ataishusha Witu mkononi mwako.

Kwanza asante kwa ujumbe wako wa mwezi uliopita. Ulisema saa ya ukutani aliyowatumia Idrisa imependeza sana, kwamba umeitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila mgeni anauliza lile pambo la dhahabu katikati yake ni nini. Nitakwambia ni nini. Vumilia kidogo.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi niliyokuwa nikifanya huku. Kuna jukwaa moja la mtandaoni linaitwa Malisho. Ni la wafugaji na wauza mifugo wa huku, pamoja na watoto wao walioko Nairobi na ng'ambo, ambao hawana ngamia mbele yao lakini hawaachi kuwazungumza. Wanaonyeshana picha, wanaulizana mvua imenyesha wapi, bei sokoni ikoje, nani ameoa. Wenye jukwaa walimpa Idrisa kazi ya kuwatengenezea wanachama kurasa zao, kila familia au mfanyabiashara na ukurasa wake wenye jina lake, rangi zake na nembo yake. Idrisa akanikalisha mbele ya kompyuta nizitengeneze, na yeye akakaa nyuma yangu kunipumulia shingoni.

Dada, yule mtu ananitia kinyaa, na nasema hivi nikijua ni shemeji yako. Anakula biskuti juu ya kibodi mpaka vibonye vinanata. Anachokonoa sikio kwa ufunguo wa pikipiki, kisha kwa ufunguo huohuo anaigusa skrini kunionyesha anachotaka. Na anachotaka ni dhahabu. Kila kitu dhahabu, kiwe na kivuli, king'are. Mzee mmoja muuza mbuzi alitaka ukurasa wa kijani tu, wenye jina la baba yake. Idrisa akaniamuru nimwekee simba wawili wa dhahabu wanaonguruma. Mzee alipouona akauliza kwa upole hao simba wanataka nini kwenye mbuzi wake. Nilicheka hadi nikatoka nje, na huko nje nikakuta wale korongo wa mji huu, wenye vichwa vya upara na mfuko wa nyama kooni, wanapekua jaa. Nikaona afadhali kuwatazama wao.

Hata hivyo kazi yenyewe niliipenda, sikufichi. Kupanga ukurasa ukakaa sawa, mtu akaufungua akatabasamu, kuna raha yake. Mpaka simba na tai walipowaisha watu hamu. Hapo Idrisa akapata wazo.

Kwenye picha ambazo wanachama huweka Malisho, ngamia wana alama mwilini. Wengine shingoni, wengine shavuni, wengine pajani. Ni alama za kuchomwa kwa chuma cha moto, mistari na nundu na vitone, na kwa kweli ni nzuri, zimekaa kama maandishi ya zamani. Wenyewe huziita sumad. Idrisa akasema, "Zena, pambo tunalo bure na sisi tunahangaika na simba! Zitoe kwenye picha, zisafishe, zipige dhahabu, tuwe na nembo hamsini wateja wachague." Nikamuuliza kama hazina wenyewe. Akasema, "Mikwaruzo ya ngamia ina mwenyewe?" Mimi ni mtu wa Witu, dada. Ng'ombe wa baba tulimjua kwa uso wake, hatukuwa na mambo ya alama. Nikamwamini.

Nikazichora. Moja nilipatana nayo kuliko zote. Ilikuwa kwenye shingo ya jike mweupe: mstari wima, mkono mmoja uliopinda kutoka juu, na vitone viwili chini ya mkono. Nikaisafisha usilione tena kovu, ukaona nembo. Akaja mteja anaitwa Abdinoor, dalali wa mifugo, mtu wa mjini ambaye baba yake alikuwa na maduka, na katika zote akaichagua hiyo. Ila jina lake lilikaa kulia kwa nembo na ule mkono ulitazama kushoto, kwa hiyo Idrisa akasema, "Igeuze. Nembo haimpi mteja mgongo." Nikaigeuza, mkono ukatazama upande wa jina. Ni kubofya mara moja tu, husikii hata uzito wa kidole.

Abdinoor alifurahi kupita kiasi. Nembo ikatoka kwenye ukurasa ikaenda kwenye kofia, kwenye vibandiko vya lori lake, kwenye vikombe. Idrisa naye akachapisha saa za ukutani za kugawia watu aliotaka wamsifu. Sasa umeshajua juu ya televisheni yako kuna nini.

Tangu nifike huku nimekuwa nikilala kwa Mama Dahabo, mjane mwenye nyumba yangu, yule niliyekwambia alinifundisha kunywa maziwa ya ngamia. Mwanzoni maziwa yale yalinichafua tumbo kwa ule moshi wake, sasa nisipoyapata asubuhi nakuwa mkali. Alikuwa akiniita hooyo, yaani mama, maana akina mama wa huku huwaita watoto wao jina lilelile watoto wanalowaita wao. Ngamia wake wako Hulugho, wanachungwa na watu wa marehemu mumewe. Wakati wa ukame uliopita jike mmoja alipotea, anaitwa Hodan, na Mama Dahabo alikuwa akimtaja kwenye chai mara kwa mara, vile mama anavyomtaja mtoto aliyeko bweni. Maziwa ya Hodan ndiyo aliyolelea watoto wake. Sikujua kwamba Hodan ndiye jike mweupe wa kwenye picha. Picha iliwekwa Malisho na mpwa wake, Abshir, kabla ya ukame, na mimi niliikuta katika picha mia nyingine.

Basi wiki iliyopita Abshir alikuwa sokoni, pale wanapouzia mifugo, akamwona Hodan kwenye zizi la Abdinoor. Abdinoor alimnunua kutoka kwa watu wa Diff, na naamini alinunua bila kujua. Angemtoa jike akadai haki yake kwa waliomuuzia, pasingekuwa na barua hii. Lakini alikuja ofisini jasho linamtoka, akamwambia Idrisa kuna mama anadai ngamia wake na wazee wa soko wameitwa. Nilikuwa mezani. Nilimsikia Idrisa kwa masikio yangu, mdomo umejaa biskuti:

"Si alama ni ileile ya nembo yako? Waambie ni ya babu yako. Iko mtandaoni miezi yote hii, dunia nzima imeiona. Yule mama ana nini cha kuonyesha?"

Abdinoor akacheka taratibu, kama mtu aliyeletewa zawadi. Nilikwenda msalani nikakaa huko nimeshika beseni.

Jioni nilipofika nyumbani Mama Dahabo alikuwa anakunja shuka ya kwenda nayo sokoni kesho yake, na uso wake unang'aa. Akasema, "Hooyo, Hodan nabatikana! Kesho iko hapa." Sikumwambia niliyoyasikia ofisini. Nikamwomba tu tufuatane.

Kuna desturi yao ambayo sikuijua. Anayedai mnyama haruhusiwi kumtazama. Anasimama amempa mgongo, anataja alama: iko wapi, ina nini, inaelekea wapi. Inavyoelekea ni sehemu ya alama, kwa sababu mkono ukitazama kichwa ni wa ukoo mmoja na ukitazama mkia ni wa mwingine kabisa. Nilielezwa hayo na Abshir pale pale, chini ya paa la mabati, moto unashuka kutoka juu na harufu ya samadi unaweza kuitafuna. Nikakumbuka ule mbofyo wangu mmoja.

Waliozungumza walizungumza Kisomali na Abshir akanitafsiria. Mama Dahabo alitaja bila kusita: shingoni, upande wa kushoto, mstari, vitone viwili, na mkono unatazama kichwa, mbele. Ikafika zamu ya Abdinoor. Naye alisimamishwa akampa mgongo jike wake mwenyewe. Akapewa fimbo achore mchangani. Akavua kofia, akaitazama nembo, akachora. Mkono ukatazama nyuma, kwenye mkia.

Hodan akaletwa mbele, mguu mmoja umefungwa, akitafuna kama asiyehusika. Mkono ulikuwa unatazama mbele.

Watu wakaanza kunong'ona. Lakini Abdinoor ni dalali, hakosi neno. Akasema alama ni ya kwao, ila watu wa kompyuta wamemkosea, na yeye amezoea kuiona kwenye kofia hadi imemchanganya. Na Idrisa, ambaye alikuwa amesimama kivulini akijipepea kwa simu, akajitokeza haraka na kile Kiswahili chake cha kuuzia watu: "Wazee wangu, ni kweli kabisa. Huyu bwana alituletea alama ya babu yake imechorwa sawasawa kwenye karatasi. Huyu msichana wangu ndiye aliyeigeuza. Muulizeni mwenyewe. Zena, uliigeuza au hukuigeuza?"

Wote wakanigeukia. Ona uchafu wa mtu, dada. Alinitegea swali ambalo jibu lake la kweli lingemsaidia. Niliigeuza. Ningesema ndiyo nikanyamaza, nisingekuwa nimesema neno moja la uongo, na Hodan angerudi zizini kwa Abdinoor. Idrisa akanikonyeza. Alinikonyeza kama vile mimi na yeye tunakula chungu kimoja.

Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe binti, hii kitu ni wewe nachora?"

Nikasema, "Ni mimi, mzee. Na ni kweli niliigeuza. Lakini karatasi haikuwepo. Abdinoor hakutuletea alama yoyote. Hii niliitoa kwenye picha ya ngamia huyuhuyu, iliyowekwa Malisho na Abshir, nikaipaka dhahabu. Abdinoor aliichagua kama mtu anavyochagua kitambaa cha suti. Na zote zilizomo kwenye kurasa nilizitoa hivyohivyo, kwenye ngamia wa watu."

Abshir alichelewa kutafsiri. Aliniangalia kwanza. Alipomaliza, kila mtu akatoa simu. Nilidhani watampigia kelele Abdinoor, kumbe kila mmoja alikuwa anatafuta alama yake iko kwenye ukurasa wa nani. Mzee mmoja akaikuta ya kwao kwenye tangazo la magodoro. Alitema mate chini, akasema kitu ambacho Abshir alikataa kunitafsiria.

Hodan alipewa Mama Dahabo. Abdinoor aliambiwa akawatafute waliomuuzia, na nimpe haki yake, aliondoka bila ugomvi, kofia ameikunja mfukoni. Ni Idrisa aliyenifuata hadi langoni. Alisema nimemwaga unga wake mbele ya watu, kwamba alinichukua kwa ajili yako na sasa atahakikisha wewe unajua nilivyo. Alisema, "Ngamia mmoja! Umeniharibia kwa ajili ya ngamia mmoja wa kikongwe!" Makombo ya biskuti yalikuwa bado kwenye ndevu zake. Nilirudi ofisini kuchukua kanga yangu, na kabla hajakumbuka kubadilisha nywila nikafuta nembo zile zote, moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya magodoro. Kisha nikawaandikia wenye jukwaa nikawaeleza zilitoka wapi.

Nilidhani Mama Dahabo atanikumbatia. Ninyi mnanijua, napenda kusifiwa. Tulipofika nyumbani alikaa mkekani, akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Alama ya baba ya watoto wangu. Naweka kwa kofia?" Nikasema ndiyo. "Kwa kikombe? Watu nakunywa chai?" Ndiyo. "Kwa lori?" Ndiyo, mama. Akashika midomo kwa ncha ya shela kama mtu aliyesikia harufu mbaya. Nikajaribu kusema sikujua. Akasema kutojua kwangu ni mzigo wangu, yeye hana pa kuuweka. Chuma cha ile alama alikichonga babu wa mumewe, na hakitoki nyumbani ila siku ya kuwatia alama ndama, na siku hiyo husomwa dua. Akasema, "Rudisha. Yote."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu sasa, msomi wenu. Nazunguka mji huu wa vumbi na kisu cha jikoni na chupa ya mafuta ya taa, nabandua vibandiko. Nimebandua kwenye matangi ya maji, kwenye friji ya duka la soda, kwenye mlango wa kinyozi. Gundi inaganda kwenye kucha na hainitoki hata kwa limau. Abdinoor mwenyewe alinipa kofia zote zilizobaki bila kuniangalia usoni, na vibandiko vya lori tulivibandua pamoja, yeye upande huu na mimi ule. Kila jioni namwekea Mama Dahabo nilichopata, anakitazama, anakitia motoni, anaendelea na chai yake. Tangu siku ile hajaniita hooyo. Ananiita wewe.

Jana aliniuliza zimebaki wapi. Nikamwambia nadhani mjini zimekwisha. Akaniuliza nje ya mji. Nikanyamaza, dada. Nilinyamaza kwa sababu yako. Halafu nikajiona ninavyonyamaza, nikamwona Idrisa na konyezo lake, nikamwambia, "Imebaki moja. Iko kwa dada yangu."

Najua nakuomba nini. Idrisa ni ndugu wa mumeo, na saa ile ni zawadi ya ndugu. Ukiishusha, shemeji Omari atauliza, na ukimjibu utakuwa umeshika upande. Idrisa atasema niliwaibia wateja, atasema nimetiwa maneno na watu wa huku, atasema mengi, maana kinywa chake hakijawahi kuwa tupu. Siwezi kukuzuia kumsikiliza. Nakuambia tu kilichoko ukutani kwako ni kovu la shingo ya Hodan, limepakwa dhahabu, na mwenyewe analitaka.

Nifikishie salamu kwa mama, mwambie naja na maziwa makavu ya ngamia ya kumtia nguvu mguuni, ayanywe asiyanuse. Msalimie shemeji Omari, mlezi wangu tangu baba atutoke. Sina kinyongo naye hata chembe. Msalimie shangazi Mwanakombo, mshonaji wangu, na mjomba Bwanaheri wa kinu cha mahindi, na hao watoto wako wasoma simu za watu.

Nafika Ijumaa kwa basi la asubuhi. Sikai, narudi huku Jumapili, nina kitu cha kumpelekea mtu. Ukinifungulia mlango usinikumbatie upesi, niache nitazame ukuta kwanza. Nikiikuta saa inatembea juu ya televisheni, nitakuamkia kwa heshima zote, nitawabusu watoto, na nitapitiliza kwa mama bila kuketi.

Mdogo wako anayekupenda, mwenye gundi kwenye kucha,

Zena